Mwalimu Aliyehesabu Ndoo na Vipigo

Siku ya kwanza ya somo lake, Mwalimu aliingia darasani na ndoo ya lita ishirini kichwani, imejaa hadi ukingoni. Akaitua mezani bila kumwaga tone, kisha akafunga mlango kwa teke. Tulikuwa wanafunzi wa idara ambazo pale chuoni hazikuwa zikisalimiana: uhandisi, uuguzi, kilimo, sheria, historia. Hakujitambulisha. Alimnyooshea kidole kijana mmoja wa sheria aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akamwambia abebe ile ndoo azunguke nayo darasa zima. Kijana hakufika nusu. Maji yalimmwagikia shingoni, darasa likaangua kicheko.

"Mama yako huibeba umbali gani?" Mwalimu akauliza. Yeye hakuwa amecheka.

"Nyumbani kwetu kuna bomba, Mwalimu."

"Basi humu ndani mama yake nani huibeba?"

Mkono wangu ulinyanyuka kabla sijafikiri. Mimi ni mtu wa kijiji cha Lulindi, mtoto wa katekista, na shingo ya mama yangu naijua. Mwalimu akanitazama, nami nilikuwa nimekuja na kalamu tatu na rula mpya ya mhandisi.

"Njoo mbele," akasema. "Wewe ndiye mtaalamu wa leo."

Jina la somo lake kwenye ratiba lilikuwa refu, lenye neno uendelevu katikati, lakini sisi tuliliita Kande, maana lilichanganya kila mtu kwenye sufuria moja kama mahindi na maharage. Halikuwa la idara yoyote, na kwa sababu hiyo kila idara ililichukia. Mwalimu alikuwa na jibu moja kwa wote: "Udongo haujui idara." Alilisema kwa wanafunzi, kwa wakuu wake, na mara moja nilimsikia akimwambia dereva wa chuo aliyekataa kupakia watu wa uuguzi na watu wa kilimo kwenye gari moja.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alivaa buti za mgambo chini ya kitenge. Chaki zake ziliisha zaidi kwa kurushwa kuliko kwa kuandika, na alikuwa na shabaha: ukisinzia, chaki ilikukuta katikati ya nyusi. Siku moja nilitumwa kupeleka karatasi kwenye kikao cha wahadhiri, nikakuta mlango uko wazi na mhandisi mmoja mzee anasema kwamba kazi ya Mwalimu si utafiti, ni umbea wa kisimani. Kikombe cha chai kilipita mbele ya uso wangu kikapasuka ukutani. Mwalimu akainama, akaanza kuokota vipande kwa mikono mitupu, vikimkata, huku akiendelea kubishana akiwa ameinama vilevile.

"Umbea wa kisimani ndiyo kumbukumbu ya pekee ya maji tuliyo nayo kule juu uwandani," alisema, damu ikimtiririka kwenye vidole. "Ramani yenu ni ya lini? Nani kati yenu amewahi kusimama kwenye foleni ile?"

Kesho yake alileta kikombe kipya, akakiweka kabatini.

Lakini mtu huyohuyo hakuweza kuona kuku akichinjwa. Tulipokuwa vijijini na wenyeji wetu wakamkamata jogoo, Mwalimu aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, akaziba masikio kwa viganja na kufumba macho mpaka mtu amguse bega. Nyama ikija mezani alikula kama wengine, na alipenda shingo. Sikumuuliza kisa chake. Kulikuwa na maswali ambayo yeye alituuliza sisi, lakini sisi hatukuthubutu kumuuliza yeye.

Alitupeleka Mkunya, kijiji kilicho nje ya mji wa Newala, mwaka wetu wa tatu, wakati wa kiangazi, mikorosho ikiwa imeanza kupulizwa salfa, dawa ya ukungu, na unga wa njano umetanda majani na nguo. Tulilala madarasani katika shule ya msingi. Maji ya kule yako chini, kwenye chemchemi ya bondeni, na njia ya kushuka ni ya mteremko unaokatisha magoti. Kupanda na ndoo ni jambo jingine kabisa. Kazi yangu ilikuwa kupima chemchemi inatoa maji kiasi gani kwa saa. Watu wa kilimo walikagua shamba kwa shamba mteremko ule wa juu, ambako msitu ulikuwa umefyekwa kupandwa mikorosho mipya, waone kama ndiko maji yanakopotelea. Rehema, mwanafunzi wa uuguzi, aliweka meza yake chini ya paa la ofisi ya kijiji, akatibu vidonda na kuandika.

Wanawake walimwita Mwalimu "Mama Vipimo", kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumwitia. Aliitika kwa furaha. Aliwaamkia shikamoo hata wale aliowazidi miaka michache, akasema kwenye foleni ya maji mkubwa ni aliyetangulia.

Foleni ile haikuwa mahali pa upole. Niliona mama mtu mzima akimng'ata mwenzake sikio mpaka damu ikaloweka kanga, kisha wote wawili wakarudi kwenye foleni, kila mmoja kwenye nafasi yake, maana ukitoka kwenda kulia unapoteza zamu. Niliona kidumu kikipigwa teke na mwenye kidumu akimrukia mwenzake kwa kucha. Mwalimu aliingia katikati mara mbili na mara zote alitoka na michubuko. Aliniambia niandike saa ambayo ugomvi umeanza. Baadaye tuligundua ugomvi ulianza karibu kila siku muda uleule ambao kipimo changu kilionyesha maji yameshuka.

Jioni moja Rehema alikuja na daftari lake.

"Mwalimu, hawa wamama wananiambia wameanguka na ndoo. Mtu akianguka anachubuka goti na kiwiko. Jeraha la kuanguka haliji nyuma ya sikio."

Mwalimu akalichukua daftari, akalisoma taratibu. Wakati huo wanawake wawili walikuwa wamekaa nasi wakimenya ming'oko, viazi vya porini. Mmoja wao alikuwa Mama Salumu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mzaha mwingi, ambaye tangu tufike alikuwa ametutambulisha kwa kijiji kizima.

"Ni kweli, Mama Salumu?" Mwalimu akauliza.

Mama Salumu aliendelea kumenya. "Maji yakichelewa, ugali unachelewa. Ugali ukichelewa, mwanamume anauliza kule bondeni ulikuwa na nani. Wewe utamwambia nini? Kwamba ulikuwa na foleni?"

"Basi na hilo tulipime," Mwalimu akasema.

Nikaingilia. Nilikuwa kijana, nimechoka, na jedwali langu lilikuwa safi. Nikasema, "Mwalimu, tumekuja kupima maji. Haya ya chumbani tuwaachie wenyewe."

Kofi lilinifikia kabla sijafunga mdomo. Lilikuwa la kiganja kizima, sikio likapiga mluzi, nikayumba na kushika nguzo ya kibaraza. Nilimwona Mwalimu akiutazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata alitukusanya wote. "Jana nimempiga mwanafunzi," alisema. "Alisema upuuzi, lakini nimempiga kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kumpiga na yeye hana uwezo wa kunirudishia. Rehema, andika. Kipigo kimoja, sababu ni hasira ya mwalimu." Kisha akanigeukia. "Nisamehe, Mhandisi."

Nikasema nimesamehe. Nilikuwa sijasamehe. Niliumia zaidi kwa kuwa wanawake walikuwa wameona.

Namna ya kuhesabu aliibuni Mama Salumu mwenyewe, kwa kuwa wengi wao hawakuandika. Kila mwanamke aliyekubali alipewa kopo tupu la maziwa ya unga. Akileta ndoo moja nyumbani, anatia korosho moja. Akipigwa, anatia punje moja ya mbaazi. Mwisho wa wiki Rehema anapita na kuhesabu. Kopo lenye korosho na mbaazi ndani ni kitu ambacho kila nyumba ya Mkunya inacho. Mwanamume anaona mbegu, basi. Makopo yalikaa juu ya vichanja vya vyombo mbele ya macho ya waume zao msimu mzima, na hakuna mmoja aliyeuliza.

Siku Mwalimu alipobandika jedwali la Rehema kando ya langu kwenye ukuta wa darasa, nilisimama pale muda mrefu. Mistari miwili ilikuwa inajibizana kama wachumba. Chemchemi ikishuka, mbaazi zinapanda. Nilikuwa nimepima maji kwa wiki kadhaa nikidhani napima maji.

"Unaona sasa?" Mwalimu akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Naona."

"Tukipanda miti kule juu, tutakuwa tumezuia ngumi. Hakuna idara inayofundisha hivyo."

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Ilikuwa msimu wa mabibo, na alasiri wanaume walikusanyika mahali pa kunywea uraka, pombe ya matunda hayo ya mikorosho. Nilipita nikaitwa, nikakaa. Walinitania. Mmoja akasema mtoto wa Lulindi amesomeshwa na kanisa mpaka chuo kikuu ili aje kuchota maji na wanawake. Mwingine akasema amesikia nilichapwa kofi na mwanamke mbele ya wake zao. Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Baba Salumu alikuwepo, amekaa pembeni, mtu mpole wa kusema, mikono mikubwa. Yeye hakucheka. Alinisogezea kibuyu.

Nilitaka wanione mtu. Nikasema, "Chekeni tu. Nyie mnadhani tunapima maji. Tunawapima nyie. Kila mkiinua mkono, chuo kinajua. Mbaazi moja, kipigo kimoja. Kaangalieni kwenye makopo ya wake zenu."

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja akasema kijana amelewa, wakabadilisha mazungumzo. Baba Salumu aliniuliza swali moja tu, kwa upole uleule: "Na sisi tuna ngapi?"

Nikamwambia sijui. Na kweli nilikuwa sijui. Nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye kibaraza cha shule tunakunywa chai tuliposikia yowe. Halikuwa yowe la foleni. Mwalimu aliacha kikombe kikaanguka, akakimbia, nasi nyuma yake. Nyumba ya Mama Salumu ilikuwa ya tatu kutoka shuleni. Uani, kando ya kinu, Mama Salumu alikuwa chini, na Baba Salumu amesimama juu yake na mchi mikononi. Korosho na mbaazi zilikuwa zimetapakaa uwanja mzima, kopo limekanyagwa. Alikuwa anapiga kwa mpangilio, kama mtu anayetwanga kweli, na kila pigo analitajia neno.

"Hesabu!" anasema. "Hesabu na hii! Hesabu na hii!"

Mwalimu aliingia chini ya mchi. Sijui namna nyingine ya kusema. Aliweka mkono wa kushoto pale ambapo pigo lilikuwa linaelekea, na sote tukasikia mfupa. Kwa mkono wa kulia alichomoa ukuni jikoni, ukiwa bado na moto upande mmoja, akampiga Baba Salumu nao sikioni. Mwanamume akaanguka, mchi ukamtoka. Hapo ilipaswa kwisha. Mwalimu akaendelea. Alimpiga begani, mgongoni, kwenye nyonga, cheche zikiruka, bila kelele, mdomo ameufunga. Nilimshika kiunoni kwa nyuma nikamvuta, akaniburuza. Alikuwa na nguvu za mtu anayezama. Rehema alipomwita jina lake kamili kwa kupiga kelele ndipo ukuni ukaanguka.

Wanaume walikuwa wameshafika, baadhi na mapanga waliyotoka nayo shambani. Walituzunguka tukimpakia Mama Salumu kwenye gari la chuo. Mdogo wake Baba Salumu alisema gari liende, lakini huyu mwanamke wa chuo abaki. Jiwe likapasua kioo cha nyuma, vioo vikamwagikia Mama Salumu na Rehema aliyekuwa amemwinamia. Kilichotuokoa ni wanawake. Walikuja na vidumu vyao, wale waliong'atana masikio, wakajipanga kulizunguka gari wakiwapa wanaume migongo. Ili kutufikia ingebidi kila mmoja ampitie mkewe au dada yake mbele ya wenzake. Walibaki wameshika mapanga tu.

"Na huyu apakiwe," Mwalimu akasema, akimwonyesha Baba Salumu.

"Mwalimu!" nikasema.

"Nimesema apakiwe."

Tulikwenda hospitali ya Newala hivyo, mume na mke kwenye gari moja, Mwalimu kati yao na mkono uliokunjika mahali pasipo na kiungo. Vumbi liliingia kwa kioo kilichopasuka likagandamana na damu. Mama Salumu taya lilikuwa limevunjika, hakuweza kusema. Jicho la kulia lilikuwa limeshakwenda. Mume wake alikuwa analia kama mtoto, na kila gari liliporuka kwenye shimo wote watatu waliguna kwa pamoja.

Baba Salumu alifungwa. Alitoka jela kiziwi wa sikio moja, na anachechemea. Mama Salumu alipata talaka yake, akaenda kuishi kwa dada yake huko Newala. Mwalimu alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake kabla hawajamtafuta, na alipoitwa na kamati ya nidhamu ya chuo, mimi na Rehema tulikuwepo kama mashahidi. Mwenyekiti alimpa mlango wa kutokea. Alimuuliza kama ni sahihi kusema alikuwa anamwokoa mtu.

"Nilimpiga mara nane," Mwalimu akajibu. "Ya kwanza ilikuwa ya kumwokoa mtu. Saba zilikuwa zangu."

Wakamsimamisha kazi miaka miwili. Makopo yote aliyakusanya akayachoma mwenyewe nyuma ya shule ya Mkunya, mkono ukiwa kwenye plasta. Wanawake watatu walimfuata wakamwambia wao wako tayari kuendelea kuhesabu. Akawakatalia. Akasema hatahesabu tena kitu ambacho mwanamke anaweza kuuawa kwa sababu yake.

Aliporudi chuoni nilikuwa nimemaliza shahada, akaniomba niwe msaidizi wake. Nilikubali. Hapo ndipo nilipojifunza maana ya kukaa na jambo. Kila mwaka, siku ya kwanza, baada ya ndoo kuzunguka, Mwalimu alisimama mbele ya wanafunzi wapya na kuwasimulia habari za kopo. Hakuruka kitu. Kofi alilonipiga alilitaja, nami nikiwa nimekaa nyuma ya darasa na kompyuta yake. Alipofika mwisho alisema hivi, kwa maneno yaleyale kila mara: "Mume aliligundua kopo. Kosa lilikuwa la njia yangu. Niliiweka siri ya mwanamke mahali ambapo mkono wa mumewe unafika. Kopo lile ndilo lililompiga." Wanafunzi waliandika. Wengine walilia. Watafiti wa vyuo vingine walimwalika awaeleze, wakatunga kanuni zao kwa kumsikiliza yeye.

Mimi nilikaa nyuma na nikanyamaza. Mara ya kwanza nilijiambia nitamweleza baada ya kipindi. Mara ya pili nilijiambia ameshapona, nisimtoneshe. Kisha nikapata kazi ya maji Masasi, nikaoa, nikawa Baba Neema, na nikaanza kuamini kwamba labda kweli ni kopo.

Mwaka huu Baba Salumu amefariki kwa maradhi. Nilipata habari kwa simu kutoka kwa fundi wetu wa mabomba aliyeko Newala, nikatia mchele kwenye gari nikaenda Mkunya. Sikuwa na sababu ya kwenda ambayo ningeweza kumwambia mke wangu. Nilifika wanaume wanarudi kutoka makaburini, jua la saa nane linachoma, wengine bado na majembe begani.

Mwalimu alikuwa uani. Amestaafu sasa, amepanga nyumba Newala, karibu na mahali ambapo uwanda unakatika na kutazama bonde la Ruvuma. Nywele zote nyeupe. Mkono wa kushoto haujawahi kunyooka. Alikuwa amekaa na wanawake mkekani, na kando yake amekaa Mama Salumu, aliyekuja kwa ajili ya wanawe waliofiwa na baba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mhandisi. Umekonda."

Sijapata kujibu, mdogo wa marehemu akaingia uani na jembe la makaburini. Alipomwona Mwalimu alisimama, kisha akaja moja kwa moja.

"Mama Vipimo! Leo umekuja kuhesabu nini? Umemvunja kaka yangu, umemtia uziwi, umemwachisha mke. Umekuja kuona kama kazi imeisha?"

"Nimekuja kuomba radhi kwa mapigo yangu," Mwalimu akasema, akijaribu kuinuka kwa mkono mmoja. "Saba yalikuwa..."

"Wewe na makopo yako ndio mmemuua!"

Akageuza jembe, mpini mbele. Watu wakaita, "Jamani, msibani!" Nikajikuta nimesimama kati yao, na maneno niliyoyalalia miaka yote yakatoka kwa kelele, yasiyo na mpangilio.

"Si kopo! Kopo mlikuwa mnaliona kila siku! Ni mimi. Mimi nilimwambia kaka yako kwenye uraka. Niliwaambia wote, na wewe ulikuwepo. Nililewa sifa. Ni mimi!"

Alinitazama, nadhani akikumbuka. Kisha mpini ukanipata mdomoni. Nilianguka kwa magoti, nikaona meno yangu mawili mchangani, meupe sana. Pigo la pili lilinipata mgongoni. Watu wakamvamia wakamkumbatia, wakamwondoa, akiwa analia kwa sauti na kumwita kaka yake.

Mwalimu alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Alinipa kanga yake ya begani, nikaishika kwenye mdomo. Nilisubiri aniseme.

"Nimefundisha uongo," akasema taratibu. "Miaka yote ile. Wale wanawake watatu waliokuja kuniomba tuendelee, niliwafukuza kwa sababu ya uongo. Na wewe ulikuwa umekaa nyuma ya darasa unaniangalia."

"Niliogopa, Mwalimu."

"Uliogopa." Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

Hapo Mama Salumu akaongea kutoka mkekani. Taya lake liliunga vibaya na maneno yake hutoka kwa upande, kwa hiyo kila mtu alinyamaza kumsikiliza.

"Mimi nilijua siku ileile," akasema. "Aliniambia huku ananipiga. Mtoto wa Lulindi kasema, mtoto wa Lulindi kasema. Nililala hospitali miezi, taya limefungwa. Lilipofunguliwa mlikuwa mmeshaandika kwamba ni kopo."

Mwalimu akageuka. "Mbona hukuniambia?"

"Mlikuja na wanafunzi wenu, mkaniuliza kama napata maumivu, kama nalala, kama nina wa kunisaidia maji. Mliuliza vingi. Hakuna aliyeniuliza mume wangu alijuaje."

Nilimwona Mwalimu, aliyekuwa ameingia chini ya mchi bila kupepesa, akikosa pa kuweka macho. Alijiburuza kwa magoti mpaka ukingo wa mkeka.

"Basi nakuuliza sasa, Mama Salumu. Niambie yote. Tangu mwanzo."

Mama Salumu akamtazama kwa jicho moja, kisha akanitazama mimi, kanga ya Mwalimu imelowa damu mkononi mwangu.

"Leo nina msiba wa wanangu," akasema. "Njoo kesho asubuhi kwa dada yangu. Huyu asije."

"Nitakuja," Mwalimu akasema.

Alikwenda. Fundi wetu alimwona akiingia saa mbili asubuhi na akamwona akitoka jua limeshuka. Waliongea nini sijui, na si haki yangu kuuliza. Mimi nilikuwa Masasi, kwa daktari wa meno, mdomo wazi, nikiambiwa nisiseme kitu.